Inchi Kumi na Sita

Mkuku wake niliuchonga mimi, kwa mwaloni
uliokatwa Silverdale wakati wa theluji.
Jina iliitwa na mke wa mwenye mali: Dorothea Pye.
Mama yule alimwaga mvinyo kwenye omo,
akacheka, akalowesha glavu.
Mwaka ule tulikuwa wachanga, mimi na merikebu.

Miaka tisa ilibeba shayiri,
kitani cha Riga, mbao za Norwei, samaki wa chumvi.
Iliporudi Lancaster, mto Lune ukiwa umejaa,
watoto waliijua harufu yake kabla ya tanga lake:
lami, nafaka, na tufaha mojamoja lililopotea shehenani.
Binti yangu Keziah alijifunza kuhesabu
kwa magunia yake.

Kisha bei ya shayiri ikaanguka.
Bwana Garstang alikuja karakanani, hakuketi.
"Fundi Ambrose, ngama ile ina hewa nyingi ya bure."
Akataka rafu, kulia na kushoto,
katikati ya sakafu na sitaha.
"Upana gani kwa kila mzigo?"
"Inchi kumi na sita."
Sikuuliza ni mzigo gani unaopimwa mabega.

Nilijua. Acha niseme sasa, meno yameniisha
na hakuna wa kunilipa wala wa kunifukuza.
Nilijua kwa kuwa Tobias Yeadon, mhunzi wa mlango wa pili,
alikuwa akifua pete za chuma, mia mbili na arobaini,
na pete zile hazikuwa za ng'ombe.
Ili nipate kipimo nilimlaza mwanagenzi wangu Wilfred
juu ya ubao, nikamchora kwa chaki.
Akacheka. Chaki ilimtekenya.
"Lala ubavu," nikamwambia.
Akalala ubavu. Akatosha.

Ikaenda Bonny. Ikaenda Kingston. Ikarudi na sukari.
Bonny, Kingston, sukari.
Watoto hawakukimbilia gati tena.
Harufu iliwafikia merikebu ikiwa bado mdomoni mwa mto,
na wanawake wa mtaa wa darajani wakafunga madirisha
huku wakikoroga chai.

Kila ikirudi niliitwa kukarabati.
Siki, chokaa, moshi wa lami: kazi bure.
Safari ya tatu, rafu ya kushoto, karibu na omo,
nikapitisha kiganja juu ya mwaloni wangu,
nikakuta bonde.
Ubao umelainika kuliko randa yangu iwezavyo.
Bega lilikuwa limeuchonga, na nyonga,
wiki saba za mawimbi, huku na huku, huku na huku.
Kando yake bonde jingine, dogo,
la mtu ambaye hakuwamo katika hesabu yangu.

Baharia Cuthbert alisema pale alilala mwanamke
aliyetamka "ututu" kila mlango wa sitaha ulipofunguliwa,
basi wakamwita hivyo hivyo.
Labda lilikuwa jina lake.
Labda kwao ndivyo huitwa mwanga.
Cuthbert hakujua aliuzwa wapi, au kama alifika kuuzwa.
Akaomba tumbaku.

Wahenga husema lila na fila havitangamani.
Mimi nimeviona ngama moja, misumari ileile,
na mkono uliopigilia ni huu.

Ilipochakaa waliivunja, mbao zikauzwa kwa mnada.
Mkulima mmoja wa Heysham alijengea ghala,
mwingine akatengenezea lango.
Nikanunua ubao mmoja, kwa bei ya kijinga.

Uko nyuma ya mlango. Usiku mmoja wa Februari
niliushusha sakafuni, nikajilaza juu yake, ubavu.
Mkono mmoja ukabaki nje, juu ya mawe baridi.
Sikuweza kuuingiza.

Jana Keziah aliuliza kwa nini nisimfanyie rafu ya mikate.
Nikamwambia umeoza.
Haujaoza. Mwaloni hauozi upesi.